Mlango wa Uani wa Bi Chausiku

Miono, huku ndani
Jumapili, baada ya kazi

Kwako dada Zuhura,

Shikamoo. Naitoa nzima, siikati, ingawa sote tunajua umenitangulia duniani kwa muda wa kuchemsha chai tu. Najua umeshaitikia marahaba kwa sauti ya kishangazi. Habari za ndani, mwari wangu? Za nje sikuulizi, huzijui, labda paka awe anakuletea. Na goti la mama linasemaje? Dereva aliyeleta barua hii amebeba pia chupa ya mafuta ya nyonyo. Ni ya kuchua. Mwambie mama asiyaonje, maana namjua.

Barua hii ina sehemu za kumsomea mama na sehemu za kujisomea wewe mwenyewe. Nitakuonyesha zinapofika. Ukimsomea zote nitajua, kwa sababu atanifuata huku kwa miguu, na goti hilo hilo.

Kwanza ya mama. Mwambie nakula, nasali, naoga. Kusali ni kweli tupu, Fundi Mbwana ananitazama. Mwambie pia kwamba huku watu wananiita fundi, wala si kwa mzaha. Juzi mzee mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza mlango wake ukivimba kwa mvua aufanye nini. Nikamjibu nimekunja mikono kifuani, kama mtu aliyezaliwa na randa mkononi. Kumbe Fundi Mbwana yuko nyuma yangu. Akamwambia yule mzee, "Muulize na habari za bawaba. Wiki iliyopita amezifunga juu chini." Hayo ya bawaba usimsomee.

Kazi yenyewe ni hii. Kando ya barabara kinajengwa kijiji kipya. Watu waliokuwa wametawanyika mashambani, kila mtu na mikorosho yake, wanatakiwa wote wahamie hapo, nyumba zikae mstari, wawe karibu na shule na zahanati. Nyumba wanajenga wenyewe kwa miti na udongo. Milango na madirisha ya shule ndiyo aliyoitiwa Fundi Mbwana, naye akanichukua mimi, kwa sababu katika Bagamoyo nzima hakuona kijana mwingine mwenye kipaji. Yeye husema ni kwa sababu mama alimwomba. Tuyaache.

Kwa kuwa sisi ni wageni, tulifikia kwa Bi Chausiku. Huyu ni mjane, mtu mzima, anakaa peke yake shambani, mwendo wa kutoa jasho kutoka barabarani. Ana mikorosho, ana mihogo, ana kuku wasio na adabu. Anaongea huku anafanya kazi, na ukichelewa kujibu anakujibia mwenyewe. Siku ya kwanza alinitazama juu mpaka chini akasema, "Huyu ndiye kijana wa mjini? Mbona amepauka? Kwani huko kwenu jua mnaliuza?" Nikampenda papo hapo.

Hapa mwambie mama imetosha, mpe kahawa, uendelee peke yako.

Siku ya pili pale niliona mlango wake wa uani umeachwa wazi kidogo, upana wa mkono, na mawe mawili yameushika usiende huku wala kule. Mimi bingwa nikasema, kumbe bibi wa watu hana komeo. Nikachonga komeo la mninga, nikalisugua mpaka likang'aa, nikamwita aje aone.

"Zuri," akasema. "Litie mlango wa mbele."

"Wa mbele unalo, Bibi."

"Basi litie mfukoni."

Akaenda zake. Nikabaki nimeshika komeo kama mtu aliyeposa akanyimwa. Fundi Mbwana ndiye aliyenieleza, tulipokuwa tunapasua mbao. Bi Chausiku alizaa mtoto mmoja tu, Rajabu. Alipokuwa bado ana meno ya utotoni, mchana mmoja mama yake alimtuma awafukuze kuku uani. Akatoka mbio kwa mlango ule, na mpaka leo hajaonekana. Watu walimtafuta, wakapiga ngoma, wakateremka mpaka mto Wami. Mwaka ule Wami ulikuwa umejaa, na una mamba. Kila mtu huku ana lake moyoni kuhusu mto ule, wala hakuna anayelitamka mbele ya Bi Chausiku. Mganga akapiga ramli, akasema mtoto hajafa. Amechukuliwa na wenyewe, majini, yumo katika mji wao usioonekana, na milango ya mji huo imo humu humu majumbani mwetu.

Basi hapakuwa na matanga. Hapakuwa na hitima. Mume alitaka mtoto asomewe, mke akasema, "Umsomee mtu aliye hai, una wazimu?" Mume akafa na jambo hilo liko pale pale kati yao. Na mlango wa uani haukufungwa tena. Wa mbele anaukomea kama watu wote, anaogopa wezi.

Mimi haya nilikuwa siyajui nilipofungua kitabu chako. Naomba ulikumbuke hilo.

Unakumbuka ulivyokitia mkobani mwangu chini ya mashati, ukasema nitakihitaji. Nilikuwa natoka huku nacheka, nikacheka mpaka Fukayosi. Vitabu vyako vya watu wanaopenya ukutani wakakuta mji! Si nilikuwa nakuambia pale dirishani kwamba mtu akipenya ukuta wa kwetu atamkuta jirani anakoroma? Na kitabu hiki ndicho kilichokuliza mpaka mama akadhani una homa, akakukanda kichwa kwa siki.

Sasa ilikuja siku lori la mbao halikufika, mvua ya rasharasha inanyesha, nami sina cha kusoma ila maandishi ya kopo la gundi. Nikakitoa. Nikaanza kusoma kwa sauti, kwa kuwa kusoma kimya mimi sijui, niliacha shule kabla hatujafika huko. Bi Chausiku alikuwa anamenya mihogo. Nilipofika pale yule mtoto Mosi anatumwa ghalani, anasogeza magunia, anaona kimlango nyuma yake, nikasikia kisu kimenyamaza.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Toka siku hiyo kila baada ya alasiri ni kusoma. Kwanza yeye peke yake, kisha majirani, kila mtu na kazi yake mkononi: huyu mihogo, yule ukili wa mkeka, mwingine mpini wa jembe. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Pazi, alikuja kuuliza kuna mkutano gani bila ya yeye kujua, akakaa, akarudi kesho yake na kigoda chake. Wakaanza kuniita maalim. Dada, kichwa kilivimba, siwezi kukuficha. Nikawa nakohoa kabla ya kuanza.

Lakini nataka nikuambie jambo, maana ni wewe tu utakayelielewa. Mimi nilidhani vitabu hivi ni vya wanawali wasio na kazi. Huku nimewaona watu wazima, watu wa jembe, wanausikiliza ule mji alioukuta Mosi, ambao kila siku ni asubuhi, kama wanaosikiliza habari za ndugu zao. Mmoja akauliza, "Huko sukari ipo, au napo wanapanga foleni?" Tukacheka. Mwingine akasema yeye haendi, kama kila siku ni asubuhi basi ni kulima tu, atapumzika lini. Tukacheka. Mke wa huyo huyo, mwenye watoto wengi, akasema bila ya kuinua macho kwenye ukili wake, "Mimi ningepita. Ningewaachia uji jikoni, ningepita." Hatukucheka.

Fundi Mbwana hakukaa na sisi. Alikuwa anapiga randa pale pembeni na kusema kwa nguvu ili tumsikie, "Mlango ni mbao na bawaba. Nimetengeneza milango maisha yangu yote, na kila nilioufungua nimekuta chumba." Halafu kesho yake kazini, hatuna hili wala lile, akaniuliza, "Yule mtoto, kile chakula chao alikula au hakula?"

Na mimi je? Mimi kila nikisoma ule mji, watu wanaojua jina lako hata kabla hujawaambia, mkate unaonukia toka uchochoroni, naona kwetu. Naona mama anapepea mkaa na wewe unamsema paka. Kumbe mtu akienda mbali, nyumbani kwake ndiko kunakogeuka kuwa upande wa pili wa ukuta. Usinicheke. Nimeandika hivi kwa kuwa huna pa kunichekea ila humo chumbani.

Sasa shari.

Ile sura ya katikati, unaijua, ambapo mzee wa langoni anamweleza Mosi sharti la kutoka. Nikaisoma kwa mbwembwe zote, na sauti ya kizee nikaiga: aliyeingia kwa mlango huu hutoka kwa mlango huu huu, na hautafunguka ila upande wa pili awepo mtu aliyekataa kuufunga. Watu wakaguna vizuri. Nikainua macho nipokee sifa zangu, nikamwona Bi Chausiku amesimama. Akaenda kwenye mlango wa uani, akayatazama yale mawe, akayasogeza kidogo ili uwazi uwe mpana zaidi, akarudi akakaa. "Endelea, maalim."

Siku chache baadaye Mzee Pazi akaleta habari: lori la kuhamisha watu wa upande wetu litakuja Alhamisi. Wote walikuwa wanajua litakuja. Bi Chausiku mwenyewe nyumba yake mpya ilikwisha simama kule barabarani, majirani wamemsaidia kuikandika, imebaki milango. Sasa akamwambia balozi, huku anatawanya punje za kuku, "Mimi sihami."

"Bi Chausiku, si tulikwisha zungumza?"

"Tulizungumza kabla sijasikia. Nilikuwa na shahidi mmoja, yule mganga. Mlimtilia shaka, na mimi nikaanza kutia shaka, ndiyo nikakata miti ya nyumba. Sasa ninao wawili. Mmoja ni mtu wa huku, hajui kusoma. Mwingine ni kitabu kimetoka huko mjini, hakimjui mganga wala hakinijui mimi. Hawajaonana, na wamesema neno moja. Hata kadhi angekubali. Na wewe ulikuwa umekaa pale kwenye kigoda chako, umesikia."

Balozi kweli alikuwepo. "Paa litashushwa," akasema. "Zote zinashushwa mapaa ili watu wasirudi."

"Lishushwe. Mlango si paa."

Mzee Pazi akanigeukia mimi. Sijapata kutazamwa hivyo tangu nilipovunja chungu cha shangazi. "Wewe kijana. Miezi tunambembeleza, alikuwa amelegea. Wewe na kukohoa kwako."

Nikaona niyamalize kwa akili zangu. Nikamfuata Bi Chausiku jikoni. "Bibi, ile ni hadithi. Kuna mtu amekaa kitini, ana kalamu, akaitunga."

"Unamjua?"

"Simjui."

"Basi hujui kama ameitunga."

Nikatoka pale, Zuhura. Mambo hayakuwa ya mchezo. Majirani wote wanaondoka. Masika yako mlangoni, paa halipo, mihogo yake yote nguruwe mwitu wataimaliza wakiona hakuna mbwa wala mtu. Akianguka, nani atamsikia? Na mto ni ule ule. Niliwaza kwamba mama huyu atakufa na mvua akimngojea mtoto, na kilichomkalisha pale ni sauti yangu mimi niliyoiga ya kizee. Hili usimsomee mama hata akikuapia.

Jumatano tukiwa shuleni natia fremu ya dirisha, ndipo nilipomwambia Fundi Mbwana, "Fundi, tuuhamishe mlango."

"Mlango gani?"

"Wa Bi Chausiku. Na fremu yake."

Akaacha msumeno. "Ule umepigiliwa na mumewe kwenye udongo tangu hujazaliwa. Mchwa wameula juu. Ukiugusa unaanguka. Na hata usipoanguka, unataka kumdanganya mama wa watu?"

"Simdanganyi. Mimi sijui mtoto yuko wapi. Wewe unajua?"

Akapangusa unga wa mbao mikononi.

"Basi mimi nahamisha mlango. Si ndiyo kazi uliyonifundisha?"

Akarudia msumeno wake. Baadaye, bila ya kunitazama, akasema, "Tutahitaji tindo mbili. Na usiguse bawaba, nitazigusa mimi."

Alasiri hiyo watu walikuja na kazi zao kama kawaida, wengine mizigo wamekwisha funga. Sikufungua kitabu. Nikamwambia Bi Chausiku mbele ya wote, "Bibi, kitabu hakikutaja nyumba. Hakikutaja shamba wala ukuta. Kimesema mlango huu huu. Mimi na Fundi tunaweza kuung'oa na fremu yake, tukautia kwenye nyumba yako mpya."

Akawa anamenya. Muhogo mmoja ukaisha, akachukua mwingine.

"Na kizingiti cha chini?" akauliza. "Alikikanyaga alipotoka. Na udongo ulio chini yake?"

"Kizingiti tutachukua."

"Na udongo."

"Na udongo, Bibi."

Akawatazama majirani mmoja mmoja, kama anayetafuta wa kumcheka. Mzee Pazi akasema, "Nitaubeba mimi huo udongo." Na yule mwenye watoto wengi akasema ana kapu.

Alhamisi asubuhi tukauanza. Nilitaka nikuandikie jinsi nilivyofanya ufundi, lakini ukweli ni kwamba Fundi Mbwana ndiye aliyefanya, mimi nilishika. Tulibomoa ukuta kwa tindo kidogo kidogo, kama unavyotoa mwiba mguuni kwa mtoto. Mwimo wa kushoto, mti wa pembeni wa fremu, ukatoka mzima. Ule una michoro ya mkaa, chini, usawa wa kiuno changu, mistari na kitu chenye miguu mingi, labda kuku. Bi Chausiku aliufunga kanga kabla hatujaubeba. Mwimo wa kulia ukatoka. Ubao wa mlango ni mvule, huo hauna neno, utatuzika sote. Lakini kizingiti cha juu nilipokishika kikawa unga mkononi. Mchwa walikwisha kula kila kitu, wameacha ganda tu.

Nikamtazama Fundi. Naye akanitazama. Bi Chausiku alikuwa amekaa juu ya godoro lake lililokunjwa, hajaona bado. Wasimamizi wa lori wanapiga honi. Mmoja wao akauliza, "Nyinyi mmekuja kuhama au kuhamisha msikiti?" Fundi Mbwana akamwambia, "Kijana, zima moto wa gari lako, petroli inaisha." Akazima.

Ndani ya lori Bi Chausiku alikaa ubavuni mwa mlango ule, mkono wake uko kwenye kanga. Kapu la udongo Mzee Pazi alilipakata mapajani, balozi mzima, na kofia yake.

Kule kijijini Fundi akakata kizingiti kipya cha juu kwenye mbao za mninga alizoziweka kwa ajili ya kitanda chake mwenyewe. Tukaisimamisha fremu, tukamwaga udongo, tukalaza kizingiti cha chini juu yake, tukakandika. Nilikuwa naomba Mungu, Bi Chausiku asitazame juu. Akatazama juu. Mbao mpya inajulikana, ni nyekundu, inanukia. Akanyoosha mkono akaigusa.

"Hii ngeni."

Nikasema, "Ya zamani ililiwa na mchwa, Bibi. Ilikuwa unga."

Akaipima kwa macho. Kisha akashuka kwa mkono wake polepole kwenye mwimo mpaka kwenye ile michoro.

"Huko juu hafiki," akasema. "Alikuwa akipita huku chini."

Akayaweka yale mawe yake mawili. Alikuwa ameyaleta, hata sikuona ameyafunga wapi.

Basi anakaa kijijini. Mvua imeanza jana na paa lake halivuji. Mtu wa kwanza kuingia kwa mlango ule, kama ni mtu, ni mbuzi wa Mzee Pazi, akala unga wa muhogo wote uliokuwa kwenye ungo. Bi Chausiku alimpiga mbuzi kwa mwiko, akamtukana na mwenye mbuzi, halafu akarudisha mawe pale pale, upana wa mkono. Hakufunga. Uani kwake sasa si mikorosho, ni ukuta wa nyumba ya jirani, kwa kuwa zimepangwa mstari. Ukikaa jikoni ukitazama kwenye ule uwazi unaona udongo mbichi wa mtu mwingine. Yeye anautazama tu.

Sasa kuhusu kitabu chako. Vuta pumzi.

Imebaki sura ya mwisho, watu wananidai. Niliisoma peke yangu huku nikitembeza midomo, ndipo nikajua kilichokuliza. Mosi anarudi. Anapita njia yote ile, anafika mlangoni, anasukuma, na upande wa pili watu walikwisha choka kungoja wakaujengea ukuta. Nikafikiri nitawasomea vingine, nitunge mwisho wangu, mimi siwezi kushindwa na hilo. Lakini Bi Chausiku ameniomba nimwachie kitabu nitakapoondoka. Anataka akiweke kwenye sanduku lake pamoja na kofia ya marehemu mumewe. Na shule inafunguliwa hapo hapo jirani, milango yake nimeitia mimi, na watoto watakaopita milango hiyo watajua kusoma kuliko mimi. Siku moja atamwita mmoja amsomee.

Kwa hiyo nimezichana zile kurasa. Tulikuwa tunachemsha gundi, nikazitia humo motoni. Kitabu chako sasa kinaishia Mosi yuko njiani. Utanisema nikirudi, niseme mpaka uchoke. Ila usije ukamtumia mtu yeyote wa huku nakala nyingine, nakuomba kwa jina la Mungu. Na ukiniuliza kama nimefanya vizuri nitakuambia ndiyo kwa sauti kubwa, halafu nitakwenda kukaa mahali peke yangu.

Jambo jingine. Nimefikiria siku zile nakutania dirishani. Tangu umalize shule umewekwa ndani, hutoki ila usiku na baibui na mama, mpaka hiyo harusi yako ifike. Mimi nazunguka mji mzima kisha narudi kukucheka kwa nini unasoma habari za ukuta wenye mlango. Ungesoma habari za nini?

Mvua ikizidi barabara itakatika na huenda harusi ikanikuta huku. Mwambie mama kwa siku yake, si leo. Lakini lile komeo nililolichonga bado ninalo mfukoni. Nilikuwa nimekuwekea liwe zawadi ya nyumba yako. Nimebadili mawazo, nitakuletea kijiko.

Nisalimie mama yetu, mwenye goti lake. Nisalimie mjomba Seif muuza mkaa, umwambie mikono yangu sasa ni mibaya kuliko yake. Nisalimie shangazi Mwanahamisi wa chungu, kama ameshanisamehe, na kama bado msalimie vile vile. Nyakanga wako anayekufunda mpe shikamoo yangu kwa mbali, namwogopa. Na huyo shemeji mtarajiwa, karani wa watu, mwambie nina tindo mbili.

Mimi nduguyo wa tumbo moja, fundi wa milango na madirisha (Fundi Mbwana ameinama hapa begani akasema niandike "mwanafunzi", sikuandika),

Shomari

Nimesahau. Leo nimeupima ule mlango wa Bi Chausiku kwa kazi nyingine, nikakuta kizingiti kipya kimepanda juu, kimezidi pale cha zamani kilipokuwa kwa zaidi ya shubiri. Nikafurahi kwa mara ya kwanza kumkuta Fundi Mbwana amekosea kipimo. Nikamwambia. Akawa ananoa patasi, hakuinua kichwa.

"Hesabu miaka, wewe," akasema. "Akija sasa atakuwa mwanamume. Ajigonge?"